Mama Ngedere Aliyemwonea Wivu Mwalimu

Paukwa.

Pakawa.

Kilichopikwa?

Kipakuliwe.

Na mwenye kijicho?

Ale wa mwisho.

Haya, sogeeni. Hizo kunde mtazichambua huku mnasikiliza, mikono haina masikio. Nasikia shule zinafunguliwa Jumatatu. Na nimewasikia pia mnavyowaambia watoto wenu tangu asubuhi: "Ngoja uende kwa mwalimu, atakukomesha." Nimewasikia wote, msitazamane. Wewe Mwanaidi, mteremshe huyo mtoto akae mkekani, ana miguu. Usinikunjie uso, hata sijaanza.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati wanyama wakisemezana kama tunavyosemezana hapa, palikuwa na Mama Ngedere.

Mama Ngedere alikuwa na mtoto anaitwa Tulizo. Wakubwa wake Tulizo walikwisha kukua, wakahamia misitu ya mbali, hata salamu hawaleti. Huyu ndiye kitinda mimba, ndiye aliyebaki. Mama Ngedere alimpenda Tulizo kupita kiasi, na kupita kiasi ndiko kulikomponza.

Ninyi mnajua ngedere wanavyobeba. Hawana mbeleko. Mtoto hujishika mwenyewe tumboni kwa mama, ngumi zote mbili kwenye manyoya, mama akaruka naye. Mtoto akishaota meno, ngedere wengine humteremsha atembee. Tulizo aliota meno yote, akawa mzito kama boga, na bado yuko tumboni.

Akisikia njaa, mama anammenyea tunda na kumtafunia. Akitaka kuteremka, mama anamkaza. Jioni ikifika, mama anamwimbia:

*Wangu ni wangu, simpi mtu,*
*akilia ni kwangu, akicheka ni kwangu,*
*wangu ni wangu, simpi mtu.*

Mstari wa mwisho itikieni nanyi. Ndiyo, hivyo hivyo. Mnaujua vizuri sana, inaonekana mnauimba majumbani.

Sasa, karibu na pale palikuwa na majabali, na kwenye majabali palikuwa na shule. Mwalimu wake alikuwa Bibi Nungunungu. Mgongoni alikuwa na miiba kama nungunungu mwingine yeyote, lakini sauti yake ilikuwa ya chini, hatua zake za polepole, na watoto walimpenda.

Aliwafundisha kuhesabu mbegu. Aliwafundisha tunda la kula na tunda la sumu. Lakini kubwa kuliko yote, aliwafundisha milio mitatu ambayo mlinzi huipiga akiona hatari. Ukisikia mlio wa chui, panda juu. Ukisikia mlio wa tai, ingia kichakani. Ukisikia mlio wa nyoka, simama kwa miguu miwili utazame chini. Katika nchi ile, mtoto asiyeijua milio mitatu hakui. Hilo lilijulikana na kila mmoja.

Kila mwaka, kabla ya kupokea watoto wapya, Bibi Nungunungu alipita nyumba kwa nyumba. Akafika kwa Mama Pimbi, jirani yake Mama Ngedere, mama wa binti mmoja mdogo anaitwa Chiku.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu."

"Asante, sikai. Chiku anakuja kwangu mwezi ukiandama. Nataka mambo matatu. Aweze kusema jina lake na jina la mama yake. Aweze kumenya tunda lake mwenyewe. Na akitaka kwenda haja, aseme, asijifiche nyuma ya jiwe akalia. Hayo matatu ni ya mtoto. Lako wewe mzazi ni moja: siku ukimleta, muage. Mwambie unakwenda na utarudi lini, halafu nenda. Usimtoroke."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Akaenda kwa Mama Ngedere, akasema maneno yale yale. Mama Ngedere akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akamsindikiza mpaka njiani. Bibi Nungunungu alipopotea machoni, lile tabasamu likaondoka naye.

Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu ya maneno mawili tu. "Mwalimu kasema."

Mama Pimbi alikuwa na watoto wengine wakubwa waliokuwa shuleni tayari. Wakirudi mchana, Mama Ngedere aliwasikia kutoka mtini kwake. "Mama, mwalimu kasema tunawe kwanza." "Mama, mwalimu kasema jani hili lina dawa." "Mama, mwalimu kasema mimi najua kuimba." Na Mama Pimbi alicheka tu, akanawa, akalinusa lile jani.

Mama Ngedere alisikia, na moyo ulimchoma. Akajisemea, "Huyu ni mama wa namna gani, haumii? Mimi nimzae, nimnyonyeshe, nimbebe mpaka mgongo unikatike, halafu aje aniambie mwalimu kasema? Na mimi je, mimi sisemi?"

Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza upo, akikohoa upo.

Basi kule kwa Mama Pimbi kukawa na mchezo kila jioni. Chiku ndiye mwalimu, mama yake ndiye mwanafunzi mtukutu. "Wewe, jina lako nani?" anauliza Chiku, mkono kiunoni. "Silijui," anajibu mama. "Mbona mkubwa hivyo na hulijui? Sema: Mimi ni Mama Chiku." Mama anakosea makusudi, Chiku anamsahihisha. Mama anashindwa kumenya tunda, Chiku anamwonyesha. Hivyo hivyo kwa kucheka, mtoto akajua yote matatu.

Na kwa Mama Ngedere? Kwa Mama Ngedere kulikuwa na kazi nyingine.

"Mama," Tulizo aliuliza, "yule aliyekuja ni nani?"

"Ni mwalimu."

"Ile mgongoni kwake ni nini?"

Hapo Mama Ngedere angeweza kusema ni miiba, basi, kama wewe ulivyo na mkia. Hakusema hivyo. Alimsogeza karibu na kumnong'oneza, "Kila mwiba unaouona pale ni mtoto aliyelia. Mtoto akilia shuleni, anamchoma."

Tulizo akaficha uso kwenye manyoya, akashika kwa nguvu zaidi. Na mama, Mungu amsamehe, akajisikia vizuri.

Tangu siku hiyo akagundua kwamba uongo wake una faida. Tulizo akikataa kula: "Kula, au nimwite mwalimu." Anakula. Akikataa kulala: "Lala, mwalimu anapita." Analala. Mbona mmenyamaza? Endeleeni kuchambua kunde.

Mwezi ukaandama. Asubuhi akina mama wakapanda majabali, kila mmoja na wake. Mama Pimbi akamweka Chiku chini, akainama, akamwambia, "Mama anakwenda. Jua likigusa lile jabali jekundu, nitakuwa nimesimama hapa." Chiku akaingiza kidole mdomoni, machozi yakamlenga, akatazama jabali jekundu. Kisha akaona wenzake wanapanga mbegu chini, akaenda kutazama.

Mama Ngedere akafika na Tulizo tumboni, kashikilia kama kupe.

"Karibu, Tulizo," alisema Bibi Nungunungu kutoka mbali. Alikuwa ameilaza miiba yake yote, kwani alijua watoto wageni huiogopa.

Tulizo akafungua jicho moja. Akaona watoto. Akaona mbegu nyekundu, nyeusi, nyeupe. Akaona Chiku anamchekea na kumwita kwa mkono. Sasa sikilizeni. Ngumi moja ikalegea kwenye manyoya. Halafu na ya pili ikalegea.

Mama Ngedere alizihisi ngumi zile zinalegea. Hakuna kitu kilichomuuma maisha yake yote kama zile ngumi mbili kulegea. Akapitisha mkono chini ya kwapa la mtoto, akamfinya.

Tulizo akapiga ukelele mpaka ndege wakaruka.

"Unaona, Mwalimu?" alisema mama, uso wa huzuni. "Mtoto wangu hawezi. Hajazoea watu."

Sijui kama Bibi Nungunungu aliuona ule mkono. Akasema, "Mrudishe. Mfundishe yale matatu taratibu, aje mwezi ujao. Na Mama Tulizo, nikwambie kitu. Majumbani kwenu mnasikia 'mwalimu kasema'. Njoo usikie huku kwangu. Huku kutwa nzima ni 'mama kasema'. Mama kasema hivi, mama kasema vile. Mpaka masikio yananiuma."

Mama Ngedere akafikiri, ananihadaa ili nimwachie mtoto. Akaondoka zake anaruka tawi kwa tawi, anaimba:

*Wangu ni wangu, simpi mtu,*
*akilia ni kwangu, akicheka ni kwangu,*
*wangu ni wangu, simpi mtu.*

Aha, sasa sauti zenu zimepungua.

Mwezi ule Mama Pimbi alimhurumia Tulizo, akamtuma Chiku. Mchana Chiku akirudi alikwenda chini ya mti wa akina Ngedere, akampigia Tulizo kelele ateremke wacheze shule. Mama Ngedere akijidai amelala ili asimwitikie Chiku, Tulizo aliteremka kidogo. Chiku akamfundisha kusema, "Mimi ni Tulizo, mama yangu ni Mama Ngedere." Akamfundisha kumenya tunda kwa meno ya mbele. Akamfundisha kusema, "Mwalimu, nataka kwenda haja," jambo lililowachekesha wote wawili mpaka wakagaagaa.

Jambo moja tu Chiku hakuweza kulifundisha. Kila akisema, "Sasa mimi ni mwalimu, njoo kwangu," Tulizo alikimbilia mtini.

Mama Pimbi akaona. Akamwendea jirani yake. "Mama Tulizo, shoga yangu, mbona mtoto anaogopa hata mwalimu wa mchezo? Umemwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Ni mwoga kwa asili, kama babu yake."

"Haya. Lakini wivu ni kidonda, mwenzangu, ukiushiriki utakonda."

"Nimwonee wivu nani? Yule mwenye miiba?" Akacheka. Kicheko kilikuwa kikavu, hata yeye alikisikia.

Mwezi wa pili ukaandama. Safari hii mama hakuwa na la kusingizia, maana mtoto alijua yote matatu. Akafika mlangoni, Tulizo anatetemeka, lakini akasema, "Mimi ni Tulizo, mama yangu ni Mama Ngedere." Watoto wakampigia makofi. Akapewa tunda, akalimenya, akacheka kwa furaha, maana hakuwahi kupigiwa makofi.

Mama akaona. Akasema, "Kaa hapa, mwanangu, nakwenda kunywa maji, narudi sasa hivi."

Hakwenda kunywa maji. Hakurudi sasa hivi. Alijibanza nyuma ya jabali, akasubiri.

Tulizo alikaa. Akatazama njia ya majini. Akatazama tena. Akasimama. Akaanza kuita, "Mama." Bibi Nungunungu akamsogelea taratibu, Tulizo akarudi nyuma akilia zaidi, kwa sababu alikuwa analia, na wanaolia huchomwa. Akalia mpaka sauti ikamkauka, mama yuko nyuma ya jabali anamsikia. Alipoona imetosha, akajitokeza mbio, akamkumbatia.

"Pole, pole, mwanangu. Umeona? Mwalimu amekuacha ulie. Nani amekuja kukuchukua?"

"Wewe, mama," akasema Tulizo kwa sauti ya mkwaruzo.

Mimi hadithi hii nikifika hapa huwa nataka kumpiga kofi Mama Ngedere. Lakini tuendelee.

Bibi Nungunungu akasema, "Mama Tulizo, umemtoroka mtoto. Nilikuomba jambo moja tu."

"Basi hatuji tena," alijibu Mama Ngedere. "Nitamfundisha mwenyewe. Hiyo milio mitatu hata mimi naijua."

Ni kweli aliijua. Lakini atamfundishaje mtoto aliye tumboni? Mlio wa chui ukilia, mama anapanda, mtoto kajishika. Mlio wa tai ukilia, mama anaingia kichakani, mtoto kajishika. Mtoto haambiwi juu ni wapi wala chini ni wapi. Yeye kazi yake ni kushika manyoya.

Wakarudi nyumbani na wimbo wao.

*Wangu ni wangu, simpi mtu.*

Kiangazi kikaingia. Matunda yakaisha kila mahali, isipokuwa mkuyu mmoja uliosimama kando ya majabali, mbele ya shule. Akina mama wakaenda kuchuma bila kubeba mtoto, watoto wako kwa mwalimu. Mama Ngedere naye akaenda, na boga lake tumboni. Aliugeuzia mgongo upande wa shule, lakini masikio hayageuzwi. Aliwasikia watoto wanaimba, wivu ukamtafuna. Kwa hasira akaruka tawi la mbali, lenye makuyu mengi, tawi ambalo lingembeba yeye peke yake. Wawili halikuwabeba.

Likavunjika. Wakaanguka pu.

Tulizo hakuumia, maana alimwangukia mama. Mama mkono wake wa kulia ukavunjika. Akajaribu kusimama, akashindwa. Na wakati huo huo Kanga, mlinzi wa siku ile, akapiga mlio kutoka juu ya mkuyu.

Ulikuwa mlio wa tai.

Watoto wote wa shule wakaingia kichakani. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyeuliza. Chiku aliingia. Akina mama wakaingia. Pale wazi walibaki wawili, Mama Ngedere aliyelala chini na Tulizo aliyesimama, mikono mitupu, manyoya hayapo.

"Tulizo, ingia kichakani," mama alimwambia.

Lakini Tulizo hajawahi kukimbilia kichakani kwa miguu yake. Alijua jambo moja, hatari ikija, ngedere anakwenda juu. Akapanda juu ya jabali lililo wazi, akasimama kileleni. Kwa tai, hapo ndipo penye sinia.

Bibi Nungunungu akatoka kichakani. Ndiyo, yeye aliyekuwa salama akatoka. Akapanda lile jabali kwa miguu yake mizito, akasimamisha miiba yake yote ili tai asisogee, akasema, "Tulizo, njoo hapa kwangu."

Tulizo akageuka. Akamwona mwalimu, miiba yote imesimama, yote, na yeye Tulizo analia. Yale yote aliyoambiwa na mama yake yalikuwa yanamjia. Akakimbia upande wa pili, kule kusiko na kitu.

Kivuli cha tai kikapita juu ya jabali. Tai alikuwa anazunguka, anachagua.

"Tulizo," mama alisema, "nenda kwa mwalimu."

"Atanichoma."

"Hatakuchoma. Nenda."

"Ulisema kila mwiba ni mtoto aliyelia. Na mimi nalia, mama."

Mama Ngedere akatazama kichakani. Majirani wote walikuwa mle, wanasikia. Mama Pimbi alikuwa mle. Akatazama juu, tai amekunja mbawa.

"Nilikudanganya," akasema, na akasema kwa sauti ili mtoto asikie, na wote wakasikia. "Hajamchoma mtoto yeyote. Nilimwonea wivu. Niliogopa utampenda kuliko mimi. Siku ile uliyolia sana, mimi nilikuwa nyuma ya jabali, na yeye alitaka kukubembeleza. Nenda kwake, mwanangu. Nenda kwa mwalimu."

Tulizo akamtazama mama. Kisha akatazama miiba. Ninyi nyote mmewahi kuwa watoto. Niambieni, mtoto akiambiwa jambo moja kila siku, halafu siku moja akaambiwa kinyume chake, huamini lipi?

Alichelewa. Alianza kwenda kwa mwalimu, lakini alikuwa amechelewa kwa kufikiri, na tai akamkamata mkia.

Nungunungu akipigana hakupi uso. Hukugeuzia mgongo akaja kinyumenyume. Bibi Nungunungu akasema, "Lala chini, Tulizo," kwa sauti ile ile ya darasani. Na Tulizo, macho ameyafumba, akalala. Miiba ikampita juu bila kumgusa hata unyoya mmoja, ikamwingia tai mapajani. Tai akapiga kelele, akaruka, akaondoka na nusu ya mkia wa mtoto. Nusu nyingine na mtoto mzima vikabaki juu ya jabali, chini ya tumbo la mwalimu.

Mama Pimbi alimfunga mwenzake mkono kwa magome. Hakumsuta, na kutosutwa kukamuuma Mama Ngedere kuliko kusutwa.

Mkono ulipona kwa kupinda. Hakuweza tena kumbeba Tulizo, hata kama angetaka. Lakini msidhani kesho yake mtoto alikwenda shule anaimba. Mtoto hutiwa hofu kwa neno moja, kumtoa hofu ni kazi ya msimu mzima. Mama akaanza upya. Kila siku walikwenda kukaa mbali, wakaitazama shule, wakarudi. Siku nyingine wakasogea kidogo. Bibi Nungunungu alijilaza juani, miiba chini, hajali, mpaka siku moja Tulizo mwenyewe akaenda kumgusa mwiba mmoja kwa kidole. Mwiba ulikuwa laini, ukiupapasa kufuata ulivyolala. Akarudi mbio kumwambia mama, "Mama, hauchomi."

"Nami naona," mama akasema. Alisema kweli, na ilimuuma.

Ikafika siku. Mama akamshika mkono kwa mkono wake mzima, wakapanda majabali, kila mmoja kwa miguu yake mwenyewe. Mlangoni akainama. "Mama anakwenda. Jua likigusa jabali jekundu, nitakuwa nimesimama hapa." Tulizo alilia. Mama akaondoka huku analia, na hakugeuka. Akapanda mkuyu, akajificha kwenye majani, akakaa kutazama.

Katikati ya asubuhi Tulizo akajikwaa, akaanguka, goti likachubuka. Akalia. Mama alisikia, akasogeza majani atazame. Akamwona mtoto anasimama, anatazama huku na huku. Akamwona anakwenda mwenyewe, kwa goti linalotoka damu, mpaka kwa Bibi Nungunungu. Akaegemea ubavu wa mwalimu. Mwalimu akalipuliza goti. Na mtoto akanyamaza.

Akanyamaza kwa mwingine. Kile alichokiogopa Mama Ngedere tangu siku ya kwanza kilikuwa mbele ya macho yake, mchana kweupe. Wivu ukampanda kifuani, ukamwambia, teremka, mchukue, ni wako.

Hakuteremka. Akalishika tawi kwa ule mkono uliopinda, akakaa juu ya mkuyu mpaka jua likagusa jabali jekundu.

Basi, wenzangu, mafunzo yake mmekwisha kuyaona, lakini nitayasema kwa sababu wengine wenu ni wazito. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto hutayarishwa nyumbani: jina lake, chakula chake, haja yake, na kuagwa kwa kweli. Na usimtishe mtoto kwa mwalimu wake. Iko siku atahitaji mahali pa kukimbilia na wewe hupo, au upo na huwezi, na mlango atakaoukuta umefungwa utakuwa ni ule ulioufunga wewe.

Mwanaidi, umesikia? Jumatatu muage.

Hadithi yangu nimeitua. Iliyo tamu igawaneni, iliyo chungu nifungieni kwenye kanga niende nayo.